Amplifaya Kuukuu za Magitaa na Swali la Vipuri Rungwe

Watu wengi wa Tukuyu, wilayani Rungwe, wakiulizwa kwa nini amplifaya ya gitaa iliyotumikia kwaya au bendi kwa miaka mingi sasa imewekwa stoo, ikafunikwa gunia na kugeuzwa kiti cha wachelewaji, hujibu kwa neno moja tu: vipuri. Husema kwamba vitu vya namna ile havitengenezwi tena duniani, kwamba viwanda vyake vimekwisha kufungwa, na kwamba fundi, awe hodari kiasi gani, hawezi kuumba kisichokuwapo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umekaa mahali pasipo pake. Kipuri kinacholiliwa kuliko vyote, yaani valvu, ile taa ya kioo ya kukuzia sauti, kingali kikitengenezwa hata leo. Vitu vinavyoiua mashine aghalabu ni vidogo vya bei ya soda. Na kinachokosekana kweli katika wilaya yetu ni mchoro wa saketi na kumbukumbu za matengenezo yaliyopita. Madhumuni ya makala haya ni kulipima jambo zima, sehemu baada ya sehemu, ili mwenye chombo kibovu ajue la kuogopa na la kutoogopa kabla hajatoa fedha yake au hajakitupa chombo chenyewe.

Zilikotoka

Njia zilizozileta amplifaya hizi ndizo kwa sehemu kubwa zilizozipotezea kumbukumbu. Katika muziki wa dansi wa Tanzania vyombo vikubwa aghalabu havikuwa mali ya wapigaji: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ikawa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na Mlimani Park, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978, ikaingia mikononi mwa shirika la DDC mwaka 1983. Mpiga gitaa aliyehama bendi, na kuhama kulikuwa desturi, aliondoka na vidole vyake akaiacha amplifaya. Na bendi ilipovunjika, chombo kilikwenda kwa mnunuzi wake bila kitabu cha maelekezo wala mchoro, kwa kuwa aliyekitumia hakuwa aliyekinunua, na aliyekinunua hakupata kamwe kukifungua.

Hapa Rungwe mlango mkubwa wa muziki umekuwa kanisa. Wamisionari wa Kimoraviani walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Kilutheri kutoka Berlin wakaingia nchi ya Konde mwaka huo huo. Leo Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian na Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ni majirani katika wilaya hii, na katika makanisa yote mawili kwaya ya vijana isiyokuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi huhesabiwa kuwa haijatimia. Amplifaya ya kwaya, kama ile ya bendi ya shirika, ni mali ya wote. Na mali ya wote ina taksiri moja mashuhuri, nayo ni kwamba kila mmoja huitumia ilhali hakuna aliyepewa amana ya kuitunza.

Jambo la tatu ni la uchumi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na nyuzi za gitaa, valvu na spika zikawa vitu vya kutafutwa kwa hila na kwa kujuana. Mafundi wa wakati ule walijifunza kufanya kwa kilichopo, na alama za mikono yao zimo ndani ya mashine hizi hata sasa: rizista mbili zilizofungwa pamoja kuwa moja, waya wa simu mahali pa waya wa saketi, valvu ya namna moja katika soketi iliyobadilishwa ipokee namna nyingine. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za nje kuleta bidhaa, maduka yakaanza kujaa tena, na amplifaya za transista zikaingia kwa wingi. Kwa hiyo fundi wa leo huletewa vyombo vya koo mbili, ukoo wa valvu na ukoo wa transista, na hukumu inayofaa kwa mmoja haifai kwa mwingine.

Namna inavyofanya kazi

Ijapokuwa amplifaya ya valvu hutisha kwa uzito na joto lake, ndani yake ni chombo chepesi kufahamika. Chukua mathalani Vox AC30, iliyoanza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kampuni ya JMI huko Dartford, Uingereza, ambayo ni miongoni mwa amplifaya zilizoigwa zaidi duniani. Umeme dhaifu wa gitaa, ambao ni sehemu ndogo tu ya volti moja, huingia katika valvu ndogo za namna ya ECC83 na kukuzwa; kisha hupelekwa kwa valvu nne kubwa za namna ya EL84, ambazo huutia nguvu ya yapata wati 30; kisha hupita katika transfoma ya kutolea, ambayo huupunguza volti na kuuzidisha ampia ili uweze kusukuma spika mbili za inchi 12. Pembeni mwa njia hiyo ya sauti kuna njia ya chakula: transfoma ya umeme huipandisha volti ya ukutani, valvu ya GZ34 huugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja, na kapasita kubwa huulainisha hata ukawa shwari, zaidi ya volti 300.

Mtu akizishika njia hizo mbili akilini, maradhi mengi hujieleza yenyewe. Mvumo mzito unaosikika hata sauti ikiwa imefungwa hutoka katika njia ya chakula. Mkwaruzo unaokuja kwa kugusa kitufe hutoka katika njia ya sauti. Na ukimya mtupu ilhali valvu zinawaka huelekeza mashaka kwa transfoma ya kutolea au kwa spika. Mafundi wetu wengi walilelewa na redio, na redio ya valvu ya zamani ni amplifaya hii hii iliyoongezewa kipokezi mbele yake. Kwa hiyo maarifa hayajapotea kabisa katika nchi, bali yamo katika vichwa vya wazee ambao vijana wa simu za mkononi hawana desturi ya kuwaendea.

Maadui watatu

Umri huzeesha kila amplifaya popote ilipo. Kapasita za kulainishia umeme zina maji ya dawa ndani yake, na maji hayo hukauka kwa miaka; rizista za kaboni hupanda thamani polepole hata ile iliyoandikwa omu 100,000 ikapimwa kuwa nusu mara zaidi. Lakini Rungwe ina maadui wengine wawili wa kwake, nao ni mvua na umeme wenyewe.

Tukuyu iko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na tangu Novemba hadi Mei ni nadra nguo kukauka kwa siku moja. Hewa ya namna hiyo huingia katika amplifaya bila kubisha hodi. Koni ya spika, ambayo ni karatasi, hulegea kama karatasi ya kufungia maandazi; miguu ya valvu na soketi zake hushika kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho; na ubao wa nyuzinyuzi uliotumiwa kushikia vipuri, hasa katika amplifaya nyingi za Kimarekani, hunyonya unyevu hata wenyewe ukaanza kupitisha umeme. Hilo la mwisho huwatesa mafundi kuliko yote, kwa sababu wao hubadilisha kila kipuri kilicho juu ya ubao na mkwaruzo ukabaki pale pale. Dawa yake ni kupima penyewe: mita iwekwe kwenye volti, ncha moja ishikishwe chasisi na ncha ya pili iguse ubao mtupu, mahali pasipo na kipuri, ikionyesha volti mahali ambapo haipaswi kuwapo hata moja, mshitakiwa amepatikana. Ubao hukaushwa kwa joto la pole na subira, na kama haukubali hubadilishwa.

Nimewaona mafundi wakisema na wenye mashine juu ya jambo hili. Mwalimu wa kwaya, aliyeileta amplifaya juu ya bodaboda ikiwa imefungwa kwa turubai, huanza kwa adabu: "Shikamoo, fundi. Je, itapona? Pasaka imekaribia." Na fundi, bila kuinua macho kutoka kwenye mita, hujibu: "Marahaba, mwalimu. Itapona, lakini niachie ikauke kwanza. Mashine yenu haijaungua, imelowa."

Ama umeme, kipimo cha nchi ni volti 230 na Hezi 50, lakini volti za vijijini hushuka jioni watu wakiwasha taa na kupika, na hupanda ghafla umeme unaporudi baada ya kukatika. Valvu huvumilia hayo kuliko transista, ila transfoma huyaweka moyoni. Ziko pia hatari ambazo tunajitengenezea wenyewe. Amplifaya nyingi za zamani zina kitufe cha kuchagulia volti nyuma yake, nacho hugeuzwa na mikono ya watoto. Na amplifaya ya Kimarekani iliyokusudiwa volti 117 na Hezi 60, hata ikipewa transfoma ya kushushia, hupata joto zaidi kwa Hezi 50 kuliko ilivyokusudiwa. Kubwa zaidi ni waya wa ardhi. Mashine nyingi za miaka ya 1960 zilikuja na waya mbili bila ardhi, na plagi yake ya miguu miwili huingizwa ukutani kwa kuchomeka kalamu ya Bic au kijiti katika tundu la tatu. Mpiga gitaa akishika nyuzi na mdomo wake ukagusa maiki, mkondo wa umeme hupita katika mwili wake. Na katika jengo lenye sakafu ya saruji iliyolowa, hilo si jambo la kuchekea. Basi matengenezo ya amplifaya yoyote kuukuu yaanze kwa kuitia waya wa miguu mitatu na fyuzi ya kipimo chake, kabla sauti haijafikiriwa.

Mkono wa fundi

Fundi mwenye busara hawashi mashine iliyolala siku ile ile inapoletwa. Kwanza huifungua na kuitazama: kapasita iliyovimba, waya ulioliwa na panya, alama nyeusi chini ya soketi ya valvu. Pili huhakikisha kwamba spika imeunganishwa, kwa kuwa amplifaya ya valvu ikipigwa kwa nguvu bila spika huweza kuichoma transfoma yake ya kutolea kwa muda mfupi. Tatu huunganisha njia ya umeme kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100: mashine ikiwa na shoti, balbu huwaka sana na kuila hasara yote, ikiwa salama, balbu humulika kidogo na kufifia. Balbu za namna hiyo zinaondoka madukani kwa kuja kwa taa za LED, na fundi anayeziona zinauzwa hana budi kujiwekea akiba.

Kisha huja kipimo ambacho peke yake huokoa valvu nyingi. Kati ya valvu ndogo na valvu kubwa kuna kapasita ndogo ya kupitishia sauti, ambayo kazi yake ni kuruhusu sauti ipite na kuzuia volti za upande wa pili. Ikichoka huvujisha volti, valvu kubwa hulazimishwa kupitisha mkondo kuliko kiasi chake, ikawa nyekundu na kufa. Mwenye mashine hununua valvu mpya kwa gharama kubwa, nayo hufa vile vile. Fundi huitoa EL84 katika soketi yake na kupima mguu wa 2, ulio wa gridi: pasipo na valvu, hapo pasiwe na volti yoyote. Zikionekana, kapasita hiyo ndiyo iliyoua, nayo ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kila fundi ashike pia kwamba kapasita kubwa hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Huondolewa umeme huo kwa rizista, wala si kwa bisibisi, na hupimwa kabla ya mkono kuingia.

Vipuri na madaraja yake

Vipuri havina uadimu wa namna moja, na kuvichanganya katika neno moja ndiko kunakowakatisha watu tamaa. Daraja la kwanza ni kapasita, rizista, fyuzi, swichi na jeki, ambavyo hupatikana Mbeya na Kariakoo, na vingine hupatikana jalalani. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia mwishoni mwa 2012, TV za chogo zilianza kutupwa nchi nzima. Na katika kila moja yao mna kapasita nzuri ya volti 400. Lakini hapa ujuzi unatakiwa. GZ34 haivumilii kapasita ya kwanza iliyozidi maikrofaradi 60, na kapasita ya TV aghalabu ina mara mbili au tatu ya hapo. Anayeiweka kwa kudhani kwamba kubwa ni bora hushangaa valvu inapotoa cheche. Zaidi ya hayo, volti 400 hazitoshi katika mashine ambayo volti zake hupanda kupita hapo valvu zinapokuwa hazijapata moto.

Daraja la pili ni valvu, nalo ndilo lililozungukwa na hofu. Hakika ni kwamba valvu zinatengenezwa mpaka leo huko Saratov nchini Urusi, Čadca nchini Slovakia, na China, kwa sababu wapiga gitaa wa dunia hawajakubali kuziacha. Mwezi Machi 2022 habari za Urusi kuzuia usafirishaji wa bidhaa zilitikisa soko na bei ikapanda, lakini chemchemi haikukauka. Valvu ni nyepesi, husafiri kwa posta au katika mkoba wa ndugu anayerudi likizo. Anayeagiza ajue kwamba valvu moja ina majina mengi: ECC83 ya Ulaya ndiyo 12AX7 ya Marekani, na EL84 ndiyo 6BQ5, ambayo Warusi waliiita 6P14P. Ajue pia mipaka ya udugu huo, kwa maana 6N2P ya Kirusi husemwa kuwa ndugu wa ECC83, ilhali miguu yake ya moto imepangwa vingine, ikitiwa katika soketi isiyobadilishwa haiwaki. Wala asidanganywe na jina la zamani juu ya kioo: jina la Mullard, lililokuwa la kiwanda cha Uingereza, leo huandikwa juu ya valvu za Saratov.

Kuna hazina nyingine iliyo karibu zaidi. EL84 ndiyo iliyokuwa valvu ya kutolea sauti katika redio nyingi za mezani za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, pamoja na gramafoni za kabati. Mzee mwenye redio ya mbao iliyokufa kwa sababu nyingine huenda amekalia valvu nzima. Lakini redio za betri za zama hizo, ambazo zilikuwa nyingi vijijini pasipo umeme, zina valvu dhaifu za namna ya DL96 zisizofaa kwa kazi hii. Afadhali kusoma maandishi ya kioo kabla ya kutoa bei.

Daraja la tatu ni spika. Koni na koili za kubadilisha huuzwa, na mafundi wa spika wapo katika miji mikubwa, lakini spika nyingi za zamani za Uingereza zilikuwa za omu 16, na za sasa aghalabu ni za omu 8 au 4. Mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa mfululizo hufanya 16, na hesabu hiyo hutatua tatizo bila kuisumbua transfoma. Koni ngeni hubadilisha sauti, hilo halikwepeki; ila fremu na sumaku ya asili zikihifadhiwa, na koni ikawa ya uzito wa kukaribia ile ya kwanza, masikio ya wengi hayatagombana.

Daraja la nne ni transfoma, na hapa ndipo hofu ya watu ingepaswa kukaa. Ni nzito, gharama ya kuisafirisha huweza kushinda bei yake, na kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake. Hata hivyo nchi yetu ina ustadi ambao nchi tajiri zimekaribia kuupoteza: mafundi wa kusuka mota, ambao mashine za kusaga na pampu za maji haziwaachi wakae bure. Transfoma ya umeme wanaiweza barabara. Kwa Hezi 50, chuma cha kawaida chenye eneo la sentimita za mraba 15 huhitaji yapata mizunguko 3 ya waya kwa kila volti, kwa hiyo upande wa volti 230 huchukua yapata mizunguko 690. Pande nyingine hufuata hesabu hiyo hiyo. Transfoma ya kutolea ni mtihani mwingine, kwa kuwa waya zake husukwa kwa tabaka zinazopishana, za upande wa valvu kati ya za upande wa spika. Msukaji wa mota asiyeambiwa hilo atasuka upande mmoja wote kisha wa pili, na kazi yake itapima vizuri kwa mita lakini gitaa litasikika limefunikwa blanketi. Basi ivuliwe polepole, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka liandikwe idadi yake kabla ya waya wa zamani kuuzwa kwa kilo.

Ukoo wa transista

Mtu angetazamia kwamba mashine za karibuni ni rahisi kuokoa kuliko za zamani, na kinyume chake ndicho sahihi. Amplifaya iliyojengwa kwa transista moja moja bado ina matumaini. Transista ya 2N3055, iliyotumiwa katika mashine nyingi za miaka ya 1970, ingali ikiuzwa kila mahali, na tatizo lake ni wingi wa bandia: ndani ya kofia ile ile ya chuma mna kipande kidogo kisichoweza kubeba mzigo ulioandikwa juu yake. Fundi akinunua kadhaa kwa muuzaji asiyemjua, afungue moja kwa msumeno aone ukubwa wa kipande cha ndani. Hasara ya moja huokoa zilizobaki pamoja na heshima yake. Lakini amplifaya za miaka ya 1980 na baadaye zilizokabidhi kazi yote kwa kifurushi kimoja cha namna ya STK ni habari nyingine. Vifurushi hivyo havitengenezwi tena, vinavyouzwa kwa wingi ni vya kuiga, na ndani yake hakuna kinachotengenezeka. Kwa hiyo amplifaya ya mwaka 1962, ambayo kila kipuri chake huonekana kwa macho na kushikwa kwa vidole, ina maisha marefu mbele yake kuliko ya mwaka 1992.

Masoko na bei

Kutoka Tukuyu soko la kwanza ni Mbeya, yapata kilomita 70, ambako Mwanjelwa ina vipuri vya redio na mafundi wa kila daraja. Kariakoo ni soko la pili, na desturi ya kutuma mzigo kwa basi imeufanya umbali wa Dar es Salaam kuwa wa usiku mmoja. Mipaka ya Kasumulu na Tunduma huleta vitu vya Malawi na Zambia, aghalabu vilivyotumika. Ng'ambo ni soko la mwisho, na anayeagiza huko ahesabu nauli, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kabla ya kusifu bei aliyoiona. Kwa sababu hiyo ni busara kuagiza valvu za mashine kadhaa kwa pamoja. Na Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986, ambacho wanafunzi na walimu wake wangefaidika kwa kushirikishwa katika kupima vyombo vya namna hii.

Asili au matumizi

Swali lililobaki ni la maadili zaidi kuliko la ufundi: je, amplifaya kuukuu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, au ifanywe itumike tu? Huko Ulaya na Marekani wakusanyaji hulipa fedha nyingi kwa mashine ambayo haijaguswa, na kipuri cha asili, hata kibovu, huongeza thamani. Kwa kwaya ya Katumba au Mwakaleli thamani ya mashine ni sauti ya Jumapili. Sioni sababu ya pande hizi mbili kugombana. Usalama haujadiliwi, waya wa ardhi utiwe hata kama hakuna mkusanyaji atakayeufurahia. Vilivyochoka vibadilishwe kwa vilivyopo. Lakini kila kilichotolewa kihifadhiwe katika kopo, kibandikwe jina la mahali kilipotoka, na kopo hilo likae ndani ya kasha la mashine. Maana mwenye mali hajui mjukuu wake atataka nini, na kipuri cha asili kikitupwa hakirudishwi kwa fedha. Jambo la haramu ni moja tu, nalo ni kuyatoa matumbo ya mashine ya valvu, kuweka saketi ya transista ndani ya kasha lake, kisha kuiuza kwa jina la kwanza. Huo si ufundi, ni ulaghai.

Yafaayo kutendwa

Nikirudi kwenye hesabu ya madaraja, hukumu ya mashine yoyote inaweza kutolewa kwa mpango. Transfoma zote mbili zikiwa hai, amplifaya ya valvu itengenezwe, hata ikiwa valvu zake zote zimekufa na kapasita zake zote zimekauka, kwa kuwa vyote hivyo vinanunulika. Transfoma moja ikifa na chuma chake kikiwa kizima, isukwe. Zikifa zote mbili, na mchoro haupo, mwenye mashine ajue kwamba anajenga amplifaya mpya ndani ya kasha la zamani, alinganishe gharama hiyo na bei ya amplifaya nyingine kabla hajaanza. Na mashine ya kifurushi kimoja, kifurushi kikifa, ichukuliwe transfoma, spika na kasha lake vitumikie nyingine.

Linalotakiwa na wilaya nzima ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Usharika mmoja peke yake hauwezi kuweka akiba ya valvu, lakini sharika kumi, au majimbo ya makanisa mawili yanayopakana, yanaweza kuwa na sanduku moja la EL84, ECC83 na kapasita za volti 450, likawa mikononi mwa fundi mmoja anayetoa hesabu yake kwa maandishi. Mchoro wa kila mashine, uliochapishwa au uliochorwa kwa mkono na fundi aliyeifungua, ubandikwe ndani ya kasha pamoja na tarehe na orodha ya vilivyobadilishwa. Karatasi hiyo haina gharama, nayo ndiyo itakayomzuia fundi wa baada yetu asitafute kwa juma zima kosa ambalo mwenzake alikwisha kulifahamu.